Mashine Mpya, Tundu Hamna!

Msomaji, naomba nianze kwa kukiri. Mimi ni mke wa mtu, ni mhasibu, na ninacheza gemu. Tena za mpira! Ukija kwangu Njombe Alhamisi jioni ukanikuta nimejifunika blanketi, chai ya tangawizi pembeni na pedi mkononi (siyo pedi hiyo unayoifikiria!), usishangae. Baridi ya huku mwezi wa sita haina utani, na mume wangu anaishi Makambako.

Ndiyo. Tumeoana mwaka wa nne huu na tunaishi miji miwili. Yeye kazi yake iko Makambako, kwenye ofisi ya mizigo kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Mimi ofisi yangu iko Njombe mjini. Katikati yetu kuna lami ya kama kilometa 60. Watu wakisikia wanasema, "Aa, hapo karibu tu." Ni karibu, sikatai. Lakini jaribu kuamka saa kumi alfajiri kila siku kwenye ukungu ule, ukae stendi unatetemeka, halafu uje uniambie. Kwa hiyo sisi tunaonana Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri tunaagana.

Katikati ya wiki tunaishi kwa simu. Na simu, wenzangu mlio mbali na waume zenu mnajua, ina mwisho wake. "Umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Ugali." Baada ya hapo kila mtu anasikiliza pumzi za mwenzake, dakika zinakwisha.

CD ndani ya Kosta

Mwanzoni gemu niliichukia kama mke mwenza. Mume wangu alikuwa na mashine yake huko Makambako, na kila nikienda ninamkuta na washikaji zake wamejazana sebuleni wanapiga kelele. Kisha mdogo wangu akapata chuo, akaniachia mashine yake, aina ileile. "Dada, nitunzie, usiiuze." Jumapili moja mume wangu akanikalisha chini akanifundisha. Nilifungwa tisa bila. Nilimaindi! Wiki nzima nikawa ninajifua peke yangu.

Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanza. Tulikuwa na CD kumi na moja, lakini ile ya mpira tuliyoipenda ilikuwa moja tu. Jumatatu alikuwa akiondoka nayo. Jumatano jioni anaiweka kwenye bahasha, anampa konda wa Kosta na buku lake, mimi nikitoka kazini ninaipokea stendi. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi daima. "Nimemfunga huyu nne moja. Zamu yako." Mimi nacheza na timu ileile, ninajibu kwa karatasi ileile. Mara nyingine chini ya matokeo anaandika neno ambalo kwenye simu halisemi. Hizo karatasi ninazo hadi leo.

CD nyingine hazikuwa hata zetu. Makambako kuna banda la gemu karibu na alikopanga, na mwenye banda, huwa ananiita shem, ana CD zinazozunguka mtaa mzima kama vitabu vya maktaba. Ukimwachia yako mbili anakupa yake mbili. Bandani kwake bado kuna PlayStation 2 inayopiga kazi. Mashine hiyo ilitoka Japani Machi 2000, zikauzwa takriban milioni 160 duniani. Ukiitazama unaelewa kwa nini. Ilisoma CD za mashine iliyoitangulia, ilionyesha filamu za DVD, na haikukuuliza wewe ni nani. Weka CD, funga, cheza. Ukichoka, toa, mpe jirani.

Ijumaa ya mshangao

Mwaka jana, Ijumaa moja ya mwezi wa sita, mume wangu akateremka stendi ya Njombe amebeba boksi kubwa. Tabasamu hadi masikioni. Mama mwenye nyumba akatupokea mlangoni, "Kamwene!", tukaitikia, naye akaliangalia lile boksi akacheka. Alidhani tumenunua televisheni.

Ilikuwa mashine mpya ya gemu. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, maana zaidi ya moja zimefanya jambo hilihili. Nyeupe, nyembamba, nzuri kama vazi la harusi. Tukaiunganisha. Mume wangu akachukua CD yetu ya mpira, akaanza kutafuta pa kuiingiza. Akapapasa mbele. Akapapasa pembeni. Akaigeuza juu chini. Akachukua tochi ya simu.

Tundu hamna.

Akampigia aliyemuuzia. "Bosi, hiyo ndiyo ya kisasa, unanunua gemu mtandaoni, unashusha." Basi. CD kumi na moja mezani, na sisi wawili tunatazamana.

Ndipo nikauliza swali nililopaswa kuliuliza stendi: pesa umetoa wapi? Kumbe ile mashine ya zamani alishamuuzia mwenye banda. Na laki tano alichota kwenye pesa zetu za bati. Tuna kiwanja Makambako, msomaji, na kwa miaka miwili tumekuwa tukiweka kidogo kidogo ili tupaue vyumba viwili na tuache kuishi kama wageni wa wikiendi. Sikulia. Nilikwenda kulala na sweta, nikageukia ukutani.

Gemu ya usiku tatu

Asubuhi akajaribu kurekebisha mambo. Akanunua gemu ya mpira mtandaoni, halafu akanunua bando. Gemu kubwa siku hizi inafika GB 100, nyingine zinazidi. Ijumaa ile sikujua hayo. Jumapili usiku niliyajua vizuri sana. Simu imewekwa dirishani itafute mtandao, umeme unakatika, unarudi, bando linakwisha, linaongezwa. Usiku wa tatu gemu ikakubali kufunguka. Nikapiga hesabu ya kihasibu: bando peke yake lilikuwa limekula pesa ya bati kadhaa.

Alipokuwa anafunga boksi kurudi Makambako, nikamuuliza kitu kidogo tu: "Mimi Jumatano nitapokea nini stendi?"

Akakosa jibu. Gemu ile imefungwa kwenye akaunti yake na imekaa ndani ya mashine yake. Mashine yangu ya zamani haiwezi kuisoma. Ili nicheze, nami ninunue mashine kama ile. Haiingii kwenye bahasha, konda hawezi kuibeba, shem wa banda hawezi kuiazima.

Hapo akakaa kitandani akaniambia ukweli. Muuzaji alimwambia kwamba kwa mashine mpya mtu na mkewe wanaweza kucheza pamoja kwa mtandao, mmoja Makambako, mwingine Njombe. Alidhani ananunulia ndoa yetu zawadi. Hakuna aliyemwambia kwamba zinahitajika mashine mbili.

Nani kaamua?

Hasira yangu kwa mume wangu ilipoa. Ya kwa waliochora mashine bado ipo, na nina sababu.

Juni 2013, Microsoft ilieleza kwamba Xbox One, ambayo ilikuwa haijaingia sokoni, ingetaka kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na ikaweka masharti kwenye kuazimana na kuuziana CD. Wateja wakaja juu. Sony, mshindani wake, ikatoa video fupi ya kuonyesha namna ya kumwazima mwenzako gemu ya PlayStation 4: jamaa mmoja anampa mwenzake CD mkononi. Imeisha hiyo! Dunia ikacheka, na mwezi huohuo Microsoft ikarudi nyuma.

Sasa ona. Novemba 2020 Sony hiyohiyo ikaleta PlayStation 5 za aina mbili, yenye tundu na isiyo na tundu. Microsoft nayo mwezi huohuo ikaleta Xbox Series S, tundu hamna. Novemba 2024 ikaja PlayStation 5 Pro, dola 699.99 kwa bei ya Marekani, na kisomeo cha CD hakimo. Wakati huo kiliuzwa peke yake kwa dola 79.99, na ukishakinunua, mara ya kwanza lazima uiunganishe mashine na intaneti ndipo ikikubali. Yaani walioonyesha dunia jinsi ya kumpa rafiki CD ndio leo wanaokuuzia mlango wa nyumba kando na nyumba.

Nisiwaonee. PlayStation 5 isiyo na tundu ilipotoka ilikuwa na nafuu ya dola 100 kuliko yenye tundu, na kwa mtu wa kipato cha kawaida hiyo ni pesa. CD nazo zinachubuka, zinapotea, zinakwama kwa marafiki wasiorudisha. Mwenye intaneti ya uhakika nyumbani hataona tatizo. Lakini bila CD huwezi kununua iliyotumika, huwezi kuuza ukiichoka, huwezi kuazima. Duka linabaki moja, la mwenye mashine, na bei anapanga yeye. Nafuu ya siku ya kwanza unairudisha polepole.

Na duka lenyewe si la kila mtu. Mei 2024 Sony ilitaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation. Wachezaji wakalalamika na sharti likafutwa, lakini gemu ikawa imeshaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haitolewi rasmi, Tanzania ikiwemo. Vijana wetu wanaojaza kwamba wanaishi nchi nyingine ili wafungue akaunti mnawaita wajanja. Mimi naona ni wateja waliolipa pesa halali, kisha wakalazimishwa kudanganya wanakoishi.

Aliyeichora ile mashine nyeupe alikuwa na nyumba fulani kichwani. Nyumba ambayo intaneti haikatiki, kila mtu ana kadi ya benki, na mume na mke wanalala chumba kimoja. Nyumba yangu hakuiona. Hakulijua banda la shem, wala konda wa Kosta. Alidhani anaondoa tundu tu.

Tulivyomaliza

Tulizungumza wiki mbili, kwa simu na ana kwa ana. Nilimwambia wazi kwamba kilichoniumiza ni kuchota pesa za bati bila neno, na kwamba hata kama mashine ingekuwa na matundu kumi ningekasirika vilevile. Alinisikiliza. Naye akaniambia kwamba Jumanne usiku Makambako, upepo unapiga bati za jirani, upweke unamla, na aliona aibu kulisema hilo. Miaka minne, msomaji, sikuwahi kulijua.

Mashine tukamuuzia mtu wa Mbeya mwenye intaneti nzuri kazini kwake. Tulipoteza laki mbili. Kilichopatikana kilirudi kwenye bati. Shem wa banda alikataa katakata kuturudishia ile ya zamani, "Shem, hii sasa inalisha watoto," ila amempa mume wangu ruhusa ya kucheza bure Jumanne, siku ambayo wateja ni wachache. Anapeleka CD yetu, Jumatano inapanda Kosta.

Kwa hiyo wewe na mwenzako mnaofikiria kununua, kabla hamjatoa mkwanja ulizeni haya:

1. Ina tundu la CD? Ligusheni kwa kidole, msiamini picha ya kwenye boksi.
2. CD mlizonazo itazisoma?
3. Gemu moja ni GB ngapi, na bando lake ni shilingi ngapi hapo mlipo?
4. Akaunti inafunguliwa kwa jina la nani, na mwenzake atacheza vipi?
5. Na hili ni la nyumbani: pesa hiyo imetoka wapi, na je, wote wawili mnajua?

Jumatano iliyopita nilipokea bahasha yangu stendi, mvua inanyesha. Nikaifungulia palepale chini ya paa la kibanda cha chipsi. "Nimefungwa mbili bila. Nilikuwa nakuwaza. Bati zimebaki kumi na nane."

Usiku huo nilishinda tatu moja.