Kosa la Nafasi Moja

Mimi ni karani wa parokia huku Kilosa. Nalisomea ualimu chuoni, lakini chaki nimeiacha. Sasa kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, hesabu za michango, na barua za Paroko. Hata hivyo watu bado waniita Mwalimu, nami siwakatazi.

Ofisini tunayo kompyuta kuukuu yenye Ubuntu, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu ya neno letu utu. Ndani yake mna dirisha jeusi lisilo na picha: waandika amri, wabonyeza Enta, yatendeka. Amri zenyewe ni fupi mno, kwa kuwa nyingi zimerithiwa kutoka Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuitunga Marekani mwaka 1969. Siku zile maandishi yalipita katika mashine za chapa zilizokwenda polepole, na kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa faida. Basi "ls" yakuorodheshea mafaili, "cp" yanakili, "mv" yahamisha, na "df -h" yasema diski imejaa kiasi gani. "du -sh *" yaonyesha ni nani aliyekula nafasi. Kwetu zilikuwa picha za harusi. Ukisahau, andika "man" na jina la amri, nayo itajieleza, ingawa kwa Kiingereza kigumu. Tena mara moja kwa juma naandika "sudo apt update", kisha "sudo apt upgrade", ili programu zipate marekebisho yake. Hiyo "sudo" yaomba neno la siri, maana yakupa mamlaka yote.

Niipendayo kupita zote ni "grep". Vitabu vyetu vya ubatizo havina faharasa, hivyo nalijitungia: kila mwaka faili moja la maandishi matupu, kila mstari jina la mtoto, wazazi, kitabu na ukurasa. Nikiandika "grep -i", halafu jina, halafu nyota, kompyuta yapekua miaka yote kwa kufumba na kufumbua, bila kujali herufi kubwa au ndogo. Kazi ile ilinichukua jioni za miaka miwili.

Naliipoteza Jumanne moja. Diski ilikuwa imejaa, na katika folda ile ile mlikuwa na mafaili makubwa ya zamani ambayo majina yake yalianza na "nakala". Nalitaka kuandika "rm nakala*", yaani futa yote yaanzayo hivyo. Nikaandika "rm nakala *". Ile nafasi kabla ya nyota yafanya amri iwe mbili: futa nakala, tena futa kila faili lililomo. Haikuniuliza. Ilinung'unika tu kwamba faili liitwalo nakala halipo. Wala "rm" haina kapu la taka la kuokotea. Nikaandika "ls", dirisha halikuonyesha kitu.

Kesho yake akaja mzee wa kigango cha mbali pamoja na binti yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Tumefuata cheti cha ubatizo cha huyu. Ndoa ni Jumamosi ijayo."

Nikauliza mwaka. "Alizaliwa wakati wa mvua za El Nino. Kubatizwa, mama yake ndiye aliyejua, naye ni marehemu."

Nikawaambia kweli. Mzee hakukasirika, akaketi kwenye benchi. Nalipekua vitabu vya 1997, 1998 na 1999 hata jioni, nisimwone.

Ilibaki flashi moja Mikumi. Sisi wa Kilosa twakumbuka Mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na kwa ajili hiyo Paroko alikuwa ameagiza nakala ikae mbali na mto. Lakini mimi, kwa uvivu, sikuwa nimeipeleka mpya kwa miezi mitatu. Alhamisi nikapanda basi, nikapita Ulaya (hii ya kwetu, si ile ya Wazungu), nikafika kwa karani mwenzangu. Tukachomeka flashi, nikaandika "grep -i" na jina la binti, huku mkono ukitetemeka. Mstari mmoja ukatokea: alibatizwa 2003, akiwa tayari msichana wa shule.

Majina ya ile miezi mitatu nimeyaandika upya. Siku hizi kabla ya kufuta naandika kwanza "ls nakala*" nione yatakayokufa, ndipo "rm -i", ambayo yauliza kwa kila faili. Na kila Ijumaa flashi yaenda Mikumi.

Mzee alikishika cheti kwa mikono miwili, akasoma polepole. Kisha akaniuliza kama jina la mwanawe limerudi Kilosa, au bado liko Mikumi peke yake.

"Liko kotekote, mzee," nikamwambia. "Tangu jana usiku."