Ndege wa Theluji Katika Jangwa la Holtville

Jangwa likitajwa, wengi wetu hufikiri kiu, mchanga na jua kali. Hata hivyo, huko Marekani, kusini mwa jimbo la California, lipo jangwa ambalo hupata wakazi kila mwaka baridi inapoingia. Mahali hapo ni katika Bonde la Imperial, karibu na mji mdogo wa Holtville, si mbali na mpaka wa Mexico.

Wengi wa wageni hao ni wazee waliostaafu. Hutoka Kanada na majimbo ya kaskazini, ambako theluji huziba barabara na milango, nao huja na nyumba zao: nyumba za magurudumu zenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Huitwa ndege wa theluji, kwa kuwa huja na kurudi kwa majira. Mchana wa Januari joto la hapo ni nyuzi 20 hivi, na usiku ni baridi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na hapo hakuna angojaye kuambiwa aondoke.

Kinachowavuta zaidi ni maji moto. Bonde hilo limelala mahali ambapo gamba la dunia linatanuka, kama lilivyo Bonde letu la Ufa. Na kama ilivyo Olkaria nchini Kenya, huko nako joto la ardhini huzalisha umeme. Kambini maji hayo hukusanywa katika mabirika ya saruji, na wazee huketi humo wakinyoosha viungo na kupashana habari. Mavazi ya kuogea ni lazima, na usiku wa manane mabirika hufungwa hadi alfajiri.

Ardhi hiyo ni mali ya umma, chini ya idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1946. Kwa kawaida mtu haruhusiwi kupiga kambi mahali pamoja katika ardhi hiyo zaidi ya siku 14. Ndipo mwaka 1983 yakatengwa maeneo maalumu ya kukaa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Kwa miaka mingi ada ya msimu ilikuwa dola 180. Sharti kubwa ni usafi: gari liwe na tangi lake la maji machafu, na hata tone moja lisimwagwe mchangani.

Kwa mwenye pensheni ndogo, jambo hili si starehe tu. Kodi ya nyumba mjini yaweza kumeza pensheni ya mwezi mzima, bali huku hupata jua, maji moto na majirani. Upande wa kaskazini wa bonde hilohilo iko Slab City, iliyokuwa kambi ya wanajeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Majengo yaliondolewa, zikabaki sakafu za saruji, na watu wakahamia juu yake. Huko hakuna ada, lakini pia hakuna maji ya bomba wala wa kuzoa taka. Anayezilinganisha kambi hizo mbili ataona kwamba uhuru usio na utaratibu nao una gharama yake.

Yapo pia mafunzo ya nyumbani. Kwanza, katika chemchemi ya moto usizamishe kichwa, maana kijidudu kiishicho katika maji ya vuguvugu huweza kupita puani hadi kwenye ubongo. Hutokea kwa nadra, lakini karibu kila mara huua. Pili, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwulize daktari kabla ya kuingia. Tatu, usilale na jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa, liwe la gesi ndani ya gari au la mkaa katika nyumba yako. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Ifikapo Aprili 15 magari huondoka. Aliyekaa vema huacha mchanga mtupu nyuma yake, ili Septemba mwingine apakute palivyo. Mali ya umma hudumu kwa njia hiyo: kila mmoja hupewa zamu yake, na kila mmoja hufagia alipolala.