Chonga wa Shika Adabu

Machi 2020 hoteli za pwani zilifunga milango, na mimi nikawa miongoni mwa walioambiwa wangoje nyumbani. Aprili serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, hata vibarua vikawa havipatikani. Kilichobaki ni kishamba cha mama huku Shika Adabu, Likoni. Mwaka uliofuata mama akauza mbuzi, tukapanda miche ya minazi wakati wa masika: kitamli kwa ajili ya madafu, maana huzaa mapema, na ile mirefu ya kienyeji ambayo mtu humpandia mwanawe.

Miche ilishika. Halafu kuti jipya likafunguka likiwa limekatwa pembepembe pande zote mbili. Mche wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, kuti la kati lilinyauka. Nilipolivuta likanijia mkononi, chini limeoza, linanuka. Mnazi ukishaliwa moyo ndiyo basi, hauna tawi la pembeni la kuchipuka upya.

Mama aliona makapi mabichi yaliyosukumwa nje ya tundu, akasema neno moja: "Chonga."

Ni mdudu mweusi, mgumu, urefu wake hukaribia sentimita 5, na dume ana pembe kichwani. Usiku huruka, akaingia penye makuti machanga na kutoboa kwenda chini akifyonza utomvu. Nilichukua spoku ya baiskeli nikaipinda ncha, nikawa naitia tunduni taratibu mpaka niguse kitu kigumu, nazungusha, navuta. Anatoka akichakarisha miguu. Kisha najaza mchanga na majivu kwenye maungio ya makuti, kwa kuwa chembe humkera akitaka kupenya. Kijana wa duka la pembejeo alitaka kuniuzia dawa ya kupuliza, lakini dawa ya juu ya jani itamfikiaje aliyezama ndani? Na pesa yenyewe ilikuwa ya unga.

Niliwatoa, wakaja wengine. Walikuwa wakitoka ng'ambo ya ua. Tangu barabara ya Dongo Kundu ianze kuzungumzwa, mashamba huku yanakatwa viwanja, na minazi ndiyo huangushwa kwanza, magogo yakaachwa yaoze. Jike la chonga hutaga humo, au kwenye samadi, na funza wake hukulia humo kwa miezi. Kwa hiyo anayeuza kiwanja na kwenda zake humwachia jirani kitalu cha wadudu. Madalali hawalitaji hilo.

Nikamwendea jirani.

"Ami, naomba tulipasue lile gogo lako."

"Gogo limelala, lakudhuru nini?"

"Lenyewe halinidhuru. Nina kesi na wapangaji wake."

Hakucheka. Mnazi ule ulipandwa na babake, na kiwanja alikiuza kwa dhiki; watu walishamsema vya kutosha. Nikarudi siku nyingine na mama. Wakazungumza ya arusi, wakazungumza ya maziko, gogo halikutajwa hata kidogo, na mwisho ami mwenyewe akaenda kuleta shoka. Lilipasuka laini kama bofulo. Ndani mlijaa funza weupe, wanene, wamejikunja, vichwa vya kahawia. Kuku wake walifika kabla hatujawaita. Ami akawatazama kwa muda, kisha akaonyesha nyuma ya choo.

"Na lile pia."

Vipande vikavu tulivifanya kuni, vilivyooza tukavichoma. Samadi siku hizi naipindua mara kwa mara badala ya kuilimbikiza. Mapengo nimeyapandia upya. Kitamli zimeanza kutoa madafu nami nayauza karibu na kivuko. Si mshahara wa hoteli, ila unga hununulika. Mirefu bado. Chonga hawajaisha, na spoku ingali inaninginia ukutani. Mwenye kiwanja cha chini anaishi Nairobi na magogo yake yako pale pale. Nimemtumia picha ya funza, akajibu kwamba atatuma mtu.