Jumapili Tatu za Kibera na Kawangware

Mpenzi msomaji, ukitaka kujua kandanda ina maana gani kwa watu wa Nairobi, usianzie uwanjani Kasarani. Panda matatu nambari 8 katikati ya jiji, ushuke Kibera. Pita kando ya soko la Toi, uingie Makina, kisha uifuate reli inayoukata mtaa huu. Utaona vibanda vya mabati ambamo vijana hubanana kutazama ligi ya Uingereza kwenye runinga. Mwezi wa Agosti 2025, vibanda hivyo vilikuwa vya Harambee Stars.

Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, ya wachezaji wanaosakata ngozi katika ligi za nyumbani. Kenya ilikuwa haijawahi kushiriki. Iliwekwa kundi moja na Morocco na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kila moja bingwa mara mbili, pamoja na Angola na Zambia. Wengi walitarajia vijana wa kocha Benni McCarthy wapate aibu mbele ya wenyeji wao.

Kumbe sivyo. Jumapili tarehe 3, Austin Odhiambo alifunga, Kongo ikalala 1-0. Baada ya sare ya 1-1 na Angola, Jumapili ya tarehe 10 Ryan Ogam aliifunga Morocco, na Kenya ikalilinda bao hilo kipindi chote cha pili ikiwa na wachezaji kumi. Jumapili ya tarehe 17 Ogam akafunga tena, safari hii dhidi ya Zambia. Alama kumi, kileleni mwa kundi!

Lakini usidhani furaha hiyo ilikuwa nyeupe pe. Mwezi mmoja tu kabla ya mashindano, maandamano ya Saba Saba yalikuwa yamesababisha vifo vya watu zaidi ya 30 nchini. Kangemi, jirani ya Kawangware, ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoshuhudia vurugu. Kijana aliyekuwa akikimbia vitoa machozi mwezi Julai alitakiwa mwezi Agosti kupeperusha bendera ileile. Alipeperusha, ndiyo, lakini moyoni alijiuliza: nikishangilia, namshangilia nani?

Swali hilo lilizidi uzito ahadi zilipoanza kumiminika. Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji Sh1 milioni kwa kila ushindi. Kabla ya robo fainali, zikaongezwa nyumba za vyumba viwili vya kulala. Hakuna aliyewaonea wivu wachezaji; jasho lao lilionekana. Ila ukiwa Kibera, neno nyumba lina historia yake. Tembea hadi Soweto Mashariki ujionee. Mwaka 2009 familia za hapo zilihamishiwa Lang'ata kupisha ujenzi. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016, miaka saba baadaye. Mtu aliyesubiri hivyo akisikia nyumba ikiahidiwa kwa dakika tisini za mpira, mwache acheke kidogo na anune kidogo.

Sasa twende Kawangware. Vuka hadi Dagoretti Corner, ushike Naivasha Road; au ukitoka mjini, panda nambari 46. Mtaa huu ni wa kila kabila, na ndiyo maana una makovu. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017, majirani walishambuliana hapa na mali ikateketea. Wapo ambao hawajasahau nani alisimama wapi. Hebu fikiria watu hao wakiwa kwenye benchi moja, magoti yakigusana, wakingoja kipenga cha mwisho dhidi ya Morocco. Bao lilipoingia, mtu alimkumbatia aliye karibu naye kabla hajakumbuka ni nani.

Ijumaa tarehe 22 Agosti ilikuwa zamu ya Madagascar. Alphonce Omija akaipa Kenya bao, Madagascar ikasawazisha kwa mkwaju wa penalti, na baada ya muda wa ziada tukatolewa kwa matuta 4-3. Madagascar ilifika fainali, ambako Morocco iliilaza 3-2 hapahapa Kasarani.

Msomaji wangu, usimlaumu aliyelia usiku ule, wala aliyesema afadhali wanasiasa wamekosa jukwaa. Mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo mawili, na sijaona sababu ya kulitupa moja.

Vya kuelea vimeundwa. Timu ile haikuundwa kwa ahadi. Iliundwa na vijana waliojifunza mpira muda mrefu kabla ya kuahidiwa chochote. Ukitaka kuwaona wanaowafuata, nenda Jumapili jioni kwenye uwanja wa Kamukunji, Kibera. Beba watoto wako. Simama pembeni, kwenye vumbi, uwashangilie hao ambao bado hakuna aliyewaahidi kitu.