Asiyepata Kushindwa

Jioni moja baada ya masomo, wanafunzi wangu wawili hapa Kitale walinijia wakibishana juu ya ndondi. Mmoja alishikilia kuwa bondia hawezi kuitwa mkubwa mpaka ampige mtu asiyepata kushindwa. Wa pili alisema kuwa ushindi ni ushindi, wala sifa za aliyepigwa haziongezi kitu. Waliniomba niwaamue. Sikuwajibu mara ile, kwa kuwa yule wa kwanza alikuwa hodari kuliko wote darasani, na wiki ile ile alikuwa amekataa kujiandikisha katika mashindano ya hesabu ya shule nyingi. Nilijua alichokuwa akikilinda.

Mimi pia nilikuwa asiyepata kushindwa. Katika shule ya msingi nilikuwa wa kwanza katika kila mtihani kwa miaka mitatu, hata wazee wa kijijini wakanitaja kwa jina. Nilipoingia sekondari, muhula wa kwanza nikawa wa 27 kati ya wanafunzi 40. Wahenga walisema, jogoo la shamba haliwiki mjini. Nililia, nusura niache shule. Akili zangu hazikuwa zimepungua. Ila hapo kwanza nilikuwa nimeshindana na watu wachache. Na walionipita muhula ule hawakupata sifa kubwa kwa kunipita mimi.

Basi, kutoshindwa ni mfuko uliofungwa. Haufai kusifiwa kabla ya kufunguliwa. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alipambana na George Foreman, bingwa wa dunia wa uzani wa juu, aliyekuwa amepigana mara 40 na kushinda zote. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa, lakini majina yaliyokuwamo ndiyo yaliyotisha zaidi. Joe Frazier na Ken Norton, watu wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali, walikuwa wamepigwa na Foreman, na hakuna kati yao aliyevuka raundi ya 2. Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya 8. Ushindi ule ungali ukitajwa kwa sababu mfuko ulikuwa umejaa.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano wao. Ayub Kalule alisafiri mpaka Japani mwaka 1979 akautwaa ubingwa wa dunia nyumbani kwa mwenyewe. Alikuwa ameshinda mara 36 bila kushindwa hata mara moja, Sugar Ray Leonard alipomshinda mwaka 1981 katika raundi ya 9. Hakuna awezaye kusema Leonard alimpiga mtu mnyonge.

Tena aliyeshindwa hakufutika. Foreman alirudi ulingoni, na mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 45, akautwaa tena ubingwa kwa kumwangusha Michael Moorer, ambaye naye alikuwa hajapata kushindwa.

Kesho yake niliwaita wale wawili. Niliwaambia kuwa kila mmoja ameshika nusu ya haki: kumshinda asiyeshindwa ni heshima, lakini ulizeni kwanza amekutana na nani. Wa pili alicheka akaenda zake. Wa kwanza alisimama kimya kitambo, kisha akaniuliza siku ya mwisho ya kujiandikisha ni lini.