Mti Wenye Sauti Mbili

Mwaka 2000 watafiti wa Hong Kong, Ping Sheng akiwa mmoja wao, walitangaza jambo la ajabu. Vipira vya risasi vilivyofunikwa kwa silikoni na kupangwa ndani ya gundi ngumu vilizuia mawimbi ya sauti yaliyo marefu karibu mara mia kuliko nafasi kati ya kipira na kipira. Nyenzo za namna hiyo huitwa metamateria. Nguvu yake hutoka katika umbo na mpangilio, si katika malighafi peke yake.

Niliposoma hayo, mimi mtoto wa Yangambi, niliwaza gongo la mti la jirani zetu Walokele, watu wa mtoni. Shina zima huchimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba. Fundi huchimba upande mmoja zaidi ya mwingine, ndipo mdomo mmoja hutoa sauti ya juu na wa pili ya chini. Usiku, hewa ya karibu na maji inapopoa kuliko ya juu, mawimbi hupinda kurudi chini, na habari hufika mbali kuliko mchana.

Lakini kwetu wanafunzi wa lugha, ufundi mkubwa zaidi hauko katika mti. Kilokele ni lugha ya toni, na gongo hubeba toni tu. Konsonanti na vokali huachwa. John F. Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu na kuandika Talking Drums of Africa (1949), alionyesha kwamba songe (mwezi) na koko (kuku) yana toni zilezile: juu, juu. Mpigaji hufanyaje? Hurefusha. Mwezi hutajwa pamoja na kuitazama dunia kutoka juu. Kuku, pamoja na mlio wake. Mkia huo ndio unaoondoa utata. Kiswahili, ambacho toni hazitenganishi maneno yake, hakiwezi kupigwa hivyo.

Carrington mwenyewe aliwaona vijana wakiacha kujifunza, na leo simu imechukua kazi ya ujumbe. Gongo likioza, fundi anaweza kuchonga lingine kwa kufuata la zamani. Misemo ikisahaulika, hakuna shina la kuipima. Ndiyo maana naona kuhifadhi gongo bila maneno yake ni kuhifadhi mti. Tunaosoma Kisangani tuko jirani na wazee wanaoikumbuka: turekodi mapigo, na papo hapo tuandike yanasema nini.