Fumba Macho, Bi Mkubwa

Mteja wa bwawa haji mikono mitupu. Huja na simu, na ndani ya simu mna picha: maporomoko ya mawe, simba wa shaba anatema maji, taa za buluu zinawaka chini. "Nataka kama hii, fundi." Picha haina sauti. Miaka thelathini na ushei nimejenga mabwawa ya kuogelea katika nyua za watu, Nyali, Mtwapa, Diani, na jambo lililochelewa kuniingia kichwani ni hilo. Mtu huchagua maji kwa jicho, kisha hukaa nayo kwa sikio.

Nilianza mwaka 1989, saidia fundi, karai la zege kichwani. Bwawa la nyumbani siku hizo lilikuwa shimo la mstatili, nondo, zege, vigae, ngazi ya chuma kisichoshika kutu, basi. Mwenye madoido alichorewa pomboo sakafuni. Tamaa ya maji yanayocheza ilikuja baadaye, watu walipoanza kurudi kutoka Dubai na Ulaya wakiwa wameona mambo.

Pazia langu la kwanza la maji lilikuwa Kikambala, na bado linaniumiza. Mwenye nyumba alitaka ukuta wa mita moja u nusu, juu yake mdomo wa upana wa mita moja, maji yashuke kama kioo. Ukuta tukausimamisha upande wa bahari ili maji yaangukie kuelekea barazani. Tulimaliza wakati wa maleleji, kaskazi imekatika na kusi haijaingia, hata jani la mnazi halitikisiki. Yule bwana alialika watu, wakapiga picha, na mimi nikalipwa kwa furaha. Ikaingia kusi. Mwezi wa sita akanipigia: njoo uone ulichonifanyia. Nikakuta pazia halipo. Upepo wa bahari ulikuwa unalibeba lote na kulimwaga juu ya viti vya baraza. Maji ya bwawa yalikuwa yameshuka shubiri nzima, mdomo wa kufyonzea umebaki hewani, pampu imevuta hewa usiku kucha mpaka ikaungua. Mimi mtoto wa pwani, niliyelelewa na wavuvi, nimejenga kama kwamba upepo ni wa msimu mmoja tu! Nusu ya gharama ya pampu mpya niliilipa mfukoni mwangu.

Tangu hapo, kabla sijafungua futi yangu, huuliza pale ua ulipo kusi inapita wapi. Pazia jembamba ni chakula cha upepo. Mchirizi mnene kama kamba huvumilia. Na maji yakianguka kutoka kimo fulani, ukingo wa bwawa uwe mbali nayo angalau kwa kimo hicho hicho, la sivyo utakuwa unamwagilia vigae, na vigae vilivyolowa ni mifupa kuvunjika.

Halafu kuna hesabu ambayo wauza vifaa hawapendi kuisema. Pazia la mita moja likitaka lisikatike vipande vipande linahitaji kama lita 150 kwa dakika. Mimi huipima kwa ndoo ya lita 20: ikijaa kwa sekunde nane, tuko sawa, ikichukua kumi na tano, utapata nyuzi, si pazia. Kwa hiyo pazia huliwekea pampu yake, mbali na ile ya chujio. Chujio hupenda maji ya mwendo wa pole, na si haki mtu alipie stima ya maporomoko saa zote ambazo yuko kazini.

Lakini nilitaka kueleza kuhusu Bi Mkubwa wa Nyali, mwalimu mstaafu, ambaye watoto wake walimjengea bwawa kwa ajili ya wajukuu. Naye alikuwa na picha: mawe yamepandana mita mbili, maji yanatoka povu. Ua wake ulikuwa mdogo, umezungukwa na kuta pande tatu. Sikubishana naye. Kesho yake nikaenda na mpira wa maji, ubao, kipande cha jiwe, na pipa lililojaa.

"Fumba macho, Bi Mkubwa."

"Nifumbe macho kwani wataka kuniibia?"

Akafumba. Nikainua mpira juu ya kichwa changu, maji yakaanguka katikati ya pipa. Hakungoja. "Choo kinajaza tangi hicho." Nikashusha hadi usawa wa kiuno, nikayapitisha juu ya ubao yaenee. "Mvua ya bati. Nzuri, lakini si kila siku." Mwisho nikaweka jiwe likiinama, maji yakateleza juu yake na kuingia pipani kutoka kimo cha shubiri moja. Akanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Hili," akasema, "birika la kwa nyanya, Lamu."

Alikuwa anasema birika la bafuni, lile walimoweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Sauti ya maji ni viputo vya hewa tu: yakianguka kwa nguvu huzama na viputo vikubwa, navyo hunguruma, yakiteleza kwa upole viputo ni vidogo, sauti ni nyembamba. Na kuta tatu zingerudisha ule mngurumo mpaka chumbani kwake.

Nikamchongea mdomo wa jiwe la Mazeras, upana wa sentimita arubaini. Jiwe la matumbawe nilimkatalia: chokaa yake hutoka kidogo kidogo ikaharibu maji, na linakwaruza watoto. Chini ya mdomo, sentimita moja kutoka ukingoni, nikapitisha gurudumu la kukatia na kufanya mfereji mdogo, hauingii hata kidole. Bila mfereji ule maji hujikunja chini ya jiwe na kushuka na ukuta, kama birika la chai lisilojua kumimina.

Baada ya mwezi akalalamika macho ya wajukuu yanawasha, na kijana wa kusafisha anazidisha klorini. Nikapima pH: 8.2. Maji yakichezewa hupoteza ile hewa ya kaboni, pH ikapanda, na pH ikipanda klorini hupoteza makali hata uimwage ndoo. Tukatia asidi kidogo, na nikamfungia saa ya kujizima: maji yateleze jioni tu, saa kumi na mbili hadi saa mbili. Ilifaa pia kwa mfuko wake, maana mji huu maji ni ya kungojea, na akijaziwa na bowza hulipa kila lita.

Usiku mmoja, nimejilaza mapema, simu ikalia.

"Fundi, sikiliza," akasema, na nikajua ameipeleka simu pale jiweni.

Nikasikiliza. Kwenye simu ilikuwa sauti ya mahamri yanakaangwa.

"Mazuri, Bi Mkubwa," nikamwambia. "Mazuri sana."

"Unayasikia?"

"Nayasikia."

Hakukata. Tukakaa vivyo hivyo, yeye uani kwake na mimi kitandani, mpaka ile saa ikayazima.